Kung Fu: Ugomvi au Malezi?

Akina mama wenzangu, katika semina za afya tunazofanya kanisani huwa naulizwa maswali mengi juu ya lishe, chanjo, uzazi wa mpango na shinikizo la damu. Lakini liko swali moja ambalo zamani halikuwapo na siku hizi linarudi tena na tena: "Mtoto wangu anataka kujifunza kung fu. Nimruhusu au nimkataze?" Wengine hungoja watu watoke, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Na mimi mwenyewe, mtu wa miaka arobaini na kitu, naweza?"

Wengi wetu tuliijua kung fu kwa njia ya sinema. Picha za Bruce Lee zilibandikwa kwenye kuta za vinyozi, na watoto walitoka kwenye vibanda vya video wakirushiana mateke njia nzima hadi nyumbani. Si ajabu basi mama akisikia neno hilo aone damu na meno yaliyong'oka. Hata hivyo, kabla ya kukubali au kukataa, yafaa tulijue jambo lenyewe.

NENO LINA MAANA GANI?

Kwa Kichina, neno kung fu, ambalo siku hizi huandikwa pia gongfu, halina maana ya ugomvi. Maana yake ni ustadi ambao mtu ameupata kwa kazi nyingi na kwa muda mrefu. Mpishi aliyekaa jikoni miaka ishirini, ambaye mkono wake hauhitaji kipimo cha chumvi, ana kung fu. Mwandishi wa herufi nzuri kwa brashi ana kung fu. Iko hata namna ya kuandaa chai kwa uangalifu mkubwa inayoitwa chai ya gongfu. Sanaa ya kupigana Wachina wenyewe huiita wushu. Neno kung fu lilizoeleka duniani kama jina la mapigano hasa baada ya sinema za Hong Kong kuenea katika miaka ya 1970.

Mama uliyezoea kukanda unga wa maandazi hadi vidole vyenyewe vikakuambia kwamba umekuwa laini, unalielewa neno hili kuliko kijana aliyetazama sinema mia moja.

ILITOKA WAPI?

Jina linalotajwa zaidi ni Shaolin, hekalu la watawa wa Kibuddha katika jimbo la Henan nchini China. Lilijengwa mwaka 495. Liko jiwe la kumbukumbu la mwaka 728 linaloeleza jinsi watawa wa hapo walivyosaidia katika vita mwaka 621. Hadithi nyingine nyingi za Shaolin ni ngano, na wanahistoria hawazikubali zote.

Lakini kwa sisi wazazi, habari ya mwaka 1910 ina mafunzo zaidi. Wakati huo China ilikuwa imedhoofika. Ilikuwa imeshindwa vitani, kasumba ilikuwa imewaharibu watu wengi, na mataifa mengine yaliidharau. Mjini Shanghai kikaanzishwa chama cha mazoezi kilichoitwa Jingwu, kikiwa na jina la Huo Yuanjia, bingwa aliyefariki mwaka huo huo. Kabla ya hapo, mafunzo mengi ya kung fu yalifichwa ndani ya ukoo mmoja au kijiji kimoja, na mwalimu aliweza kuchagua mwanafunzi mmoja tu wa kumwachia ujuzi wake. Jingwu walifungua milango. Walifundisha mbele za watu, walifundisha mitindo mbalimbali mahali pamoja, na walifundisha kwa ajili ya afya na tabia njema. Baadaye waliwapokea wanawake pia.

Tukumbuke hiyo ilikuwa nchi ambako kwa karne nyingi wasichana wengi walifungwa miguu tangu utotoni ili isikue, wakabaki wakichechemea maisha yao yote. Msichana kusimama imara kwa miguu yake miwili, na kurusha teke, halikuwa jambo dogo.

WANAWAKE WALIKUWAMO

Uko mtindo mmoja wa kung fu kutoka kusini mwa China uitwao Wing Chun. Mapokeo yake husema kwamba ulibuniwa na mtawa mwanamke aliyeitwa Ng Mui, akamfundisha msichana aitwaye Yim Wing-chun. Msichana huyo alikuwa akisumbuliwa na mtu mbabe aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Akajifunza, akamshinda, na mtindo ukabaki na jina lake. Ushahidi wa kihistoria wa habari hii haupo. Lakini ni jambo la kufikiri kwamba wanaume wengi walioufuata mtindo huo wamekubali vizazi kwa vizazi kusimulia kwamba walirithi ujuzi wao kutoka kwa mwanamke.

Mwalimu aliyeueneza ni Ip Man, aliyezaliwa mjini Foshan mwaka 1893, akahamia Hong Kong na kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 1972. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana Bruce Lee, ambaye alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 32 tu.

Mwaka 1936, wakati wa michezo ya Olimpiki mjini Berlin, China ilipeleka timu ya kuonyesha wushu, na wanawake walikuwamo katika timu hiyo.

Na katika siku zetu wako watawa wanawake wa Kibuddha nchini Nepal, wa shirika la Drukpa, waliokubaliwa na kiongozi wao kujifunza kung fu mwishoni mwa miaka ya 2000. Zamani mazoezi ya namna hiyo hayakuwa ya watawa wanawake. Tetemeko kubwa la ardhi lilipoipiga Nepal mwezi Aprili 2015, hawakukimbilia mahali pa usalama. Walitembea hadi vijijini, wakaondoa vifusi na kupeleka chakula. Mwaka 2016 watawa wapatao 500 waliendesha baiskeli takribani kilomita 4,000, kutoka Kathmandu hadi Leh nchini India, kupinga biashara ya kuuza wasichana. Imani yao si imani yetu. Lakini mwili walioutia nguvu waliutumia kubebea mizigo ya wengine.

ZOEZI LENYEWE LIKOJE?

Hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa. Mtoto huenda darasani akitarajia kuruka juu ya meza. Badala yake anaambiwa asimame. Katika mitindo mingi ya kung fu mwanafunzi huanza na kile kiitwacho msimamo wa farasi: miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, kama mtu aliyepanda farasi. Baada ya nusu dakika mapaja yanaanza kuwaka moto. Mwalimu anapita, anasahihisha kisigino, anaondoka.

Katika Wing Chun somo la kwanza huitwa Siu Nim Tau, yaani "wazo dogo". Mwanafunzi husimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho bila kupiga hatua hata moja. Mikono tu ndiyo inayokwenda, na sehemu ya kwanza huendeshwa polepole sana, kiwiko kikielekea katikati ya kifua, mabega yakiwa yamelegea. Mtu akitazama kwa mbali atadhani hakuna kinachofanyika. Wanafunzi hulirudia somo hilo kwa miaka, hata wakishajua masomo ya juu.

Baadaye huja zoezi la watu wawili, ambapo mikono yao hugusana na kila mmoja husikiliza nguvu ya mwenzake kwa ngozi. Akisukumwa, hajibu kwa kusukuma zaidi. Huiacha nguvu ipite pembeni, naye akabaki amesimama. Mwenye hasira hushindwa mapema katika zoezi hili, kwa sababu hasira hukaza mabega, na bega lililokazwa halisikii kitu.

Adabu ya darasa nayo itawapendeza wazazi wengi. Mwalimu huitwa sifu, na mke wa mwalimu ana jina lake la heshima. Waliotangulia kujiunga huitwa kaka na dada wakubwa, hata kama kwa umri ni wadogo. Mwanafunzi akiingia husalimu kwa kuweka ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto, na walimu wengi hueleza maana yake hivi: kiganja kimeifunika ngumi, nguvu imefunikwa na heshima. Anayefanya fujo mitaani kwa kutumia mafunzo aliyopewa huweza kufukuzwa. Jambo hilo huitwa wude, maadili ya mwenye ujuzi wa kupigana, na katika shule nzuri halitenganishwi na mafunzo.

MWILI UNAPATA NINI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku mbili au zaidi awe na mazoezi ya kuimarisha misuli. Watoto wenye umri wa kwenda shule wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Mama mmoja aliniambia, "Sista, mimi nafua, nateka maji, napalilia. Nina haja gani ya mazoezi?" Swali lake ni la haki. Kazi za nyumbani na shambani ni mazoezi kweli, na shirika hilo linazihesabu. Lakini kazi zetu nyingi huuinamisha mgongo na kuchosha misuli ile ile kila siku. Mazoezi ya kung fu hudai mgongo ulionyooka, magoti yenye nguvu, pumzi iliyotulia na mizani ya mwili. Na kwa mama anayekaa dukani au ofisini kutwa nzima, kisha akarudi kwa daladala, hata hizo kazi za shamba hana. Huyu ndiye tunayemwona kliniki akiwa na uzito unaopanda, shinikizo la damu na sukari.

Kwa wenye umri mkubwa iko tai chi, ndugu wa kung fu anayekwenda polepole. Katika bustani za miji ya China wazee hukusanyika asubuhi kuifanya. Utafiti umeonyesha kwamba inapunguza kuanguka kwa wazee, na sisi wauguzi tunajua mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni unavyoigeuza nyumba nzima.

Lakini tahadhari zipo. Kama una ujauzito, umejifungua hivi karibuni, una shinikizo la damu lisilotulia, ugonjwa wa moyo au magoti yanayouma, muone kwanza mhudumu wa afya. Na kama mkojo unakutoka unapokohoa au kuruka, usione haya kusema. Ni tatizo la akina mama wengi, linatibika, na yafaa lishughulikiwe kabla hujaanza kuruka.

JE, NI DINI?

Swali hili tusilipuuze. Shaolin ni hekalu, na baadhi ya shule za kung fu huwa na uvumba, picha za kuinamiwa au mafundisho ya kiroho yasiyo ya Kikristo. Mzazi ana haki ya kuuliza waziwazi: mtoto wangu ataambiwa ainamie nini? Atafundishwa kuomba kwa nani? Kumsalimu mwalimu kwa kuinamisha kichwa ni adabu, kama binti zetu wanavyopiga magoti kwa wakubwa katika makabila mengi. Kuiabudu sanamu ni jambo jingine.

Hata hivyo, kung fu si mali ya dini moja. Waislamu wa China waitwao Wahui wamekuwa mashuhuri katika mchezo huu tangu zamani. Mmoja wao, Wang Ziping, aliyezaliwa mwaka 1881, alikuwa bingwa na pia mganga wa mifupa, na binti yake Wang Jurong akawa mwalimu wa wushu katika chuo cha elimu ya viungo mjini Shanghai. Walibaki na imani yao. Mtume Paulo naye, alipomwandikia Timotheo, aliyaweka mazoezi ya mwili chini ya utauwa. Hakuyaweka kando kabisa. Tukishika mpangilio huo hatutapotea. Darasa linalogongana na ibada ya Jumapili kila wiki litafutiwe saa nyingine.

Na suruali je? Mavazi ya mazoezi ya kung fu ni mapana na ya heshima, na mwalimu muungwana hawezi kukataa fulana ndefu juu yake.

TUSIDANGANYANE

Liko jambo moja ambalo ni lazima nilieleze kwa uwazi, maana limewagharimu wanawake. Sinema zinatuonyesha msichana mwembamba akiwaangusha wanaume kumi. Maishani haiko hivyo. Mtu mwenye kisu, au watu watatu gizani, hawasubiri mmoja mmoja kama kwenye filamu. Mwalimu mkweli atamfundisha binti yako kwanza kuitambua hatari mapema, kupiga kelele, kukimbia na kutafuta watu. Ngumi ni ya mwisho, ya kupata nafasi ya kukimbia.

Wala tusimwambie mama anayepigwa nyumbani kwamba akajifunze kung fu. Kosa si lake, na kujaribu kushindana nguvu kunaweza kumwongezea hatari. Huyo anahitaji watu wa kusimama naye, mahali salama, na msaada wa sheria. Hapa Tanzania polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanamke au mtoto akibakwa, apelekwe hospitali haraka, bila kuoga wala kufua nguo alizovaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Tafadhali, mama, kariri namba hiyo na umfundishe jirani.

KABLA YA KUMPELEKA MTOTO

Ukiamua kumruhusu mwanao, usimpeleke kwa sababu tu kibao kimeandikwa kwa rangi nzuri. Nenda mwenyewe, ukae, utazame somo zima. Angalia haya:

1. Mlango uko wazi kwa wazazi? Mwalimu asiyetaka kutazamwa, muache. Mtoto asibaki peke yake na mwalimu, wala asipelekwe safari bila mzazi au mtu mzima unayemwamini.

2. Wakubwa wanawatendeaje wadogo? Ukiona wanaoonewa wanachekwa, hapo hakuna wude, hata kama mateke yanafika darini.

3. Kuna kupasha mwili joto kabla, na maji ya kunywa?

4. Watoto wanapigana kichwani? Kataa. Kadhalika kataa kupasua matofali na kugonga ngumi ukutani. Mifupa ya mtoto bado inakua, na ikiumia kwenye ncha zake inaweza kupinda au kuacha kukua sawasawa.

5. Mtoto akigongwa kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au kichwa kikazidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja. Asiambiwe alale apumzike.

6. Ada inajulikana? Shule inayodai fedha mpya kila mwezi kwa ajili ya mkanda mpya inauza mikanda.

Mkishakubaliana, mama na baba watoto mkae pamoja mweke sharti moja mbele ya mtoto: siku utakayompiga mwenzako au mdogo wako kwa ulichojifunza, somo litasimama. Kisha mlishike neno lenu. Na mkiwa na binti na mtoto wa kiume, tafadhali msimpeleke wa kiume peke yake. Binti ndiye atakayetembea njia ile ile jioni.

ANZA NYUMBANI

Nawe mama, ukitaka kuonja kidogo jambo hili, hakuna haja ya ada. Usiku vyombo vikishaoshwa, vua viatu, simama karibu na ukuta ili ukiyumba ushike. Panua miguu usawa wa mabega. Kunja magoti kidogo, kiasi kisichouma. Nyoosha mgongo, legeza mabega, tazama mbele, pumua kwa pua taratibu. Kaa hivyo dakika moja. Kisha inua kisigino kimoja uhesabu hadi kumi, ubadilishe mguu. Wiki ya kwanza dakika moja inatosha. Wiki ya pili ongeza ya pili. Maumivu makali yakija, acha. Uchovu wa mapaja ukija, huo ni wa kawaida.

Siku ya tatu utachoka nalo, maana halina shangwe na hakuna anayekupigia makofi. Siku hiyo ndiyo ya kusimama. Waite watoto wasimame nawe, wacheke wakicheka. Wakikuona mwezi mzima hujaacha, hutakuwa na haja ya kuwahubiria juu ya uvumilivu.